Tranka Lililopanda Bungu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Bungu, atakuelekeza kwenye mabasi ya kusini. Bungu anayoijua yeye ni ile ya Kibiti, kando ya barabara ya Kilwa, nchi ya mikorosho na jasho. Bungu niliyoifuata mimi iko mkoa wa Tanga, juu milimani, katika Usambara Magharibi. Kwenye karatasi za serikali ni kata ya Wilaya ya Korogwe. Kwa baridi yake, kwa migomba yake na kwa Kishambaa kinachosikika kila mlango, huwezi kuitenga na Lushoto wala Bumbuli. Wenyewe wamezoea kuchanganywa. "Sisi ni Bungu ya juu," utingo mmoja pale Mombo aliniambia, na ubishi ukaishia hapo.

Njia za kufika ni mbili. Moja hupanda kutoka Korogwe kupitia Dindira, nyingine huanzia Soni kupitia Bumbuli. Zote ni vipande vya barabara moja ya mkoa, yenye kilomita zaidi ya 70, na kila anayeipita ana neno la kusema juu yake. Sisi tulitokea upande wa Soni, kwa sababu matranka yalikuwa Lushoto.

Matranka hayo ndiyo maktaba. Ni matatu, ya bati, yale yale wanayokwenda nayo shuleni wanafunzi wa bweni. Yamepakwa rangi ya kijani, na juu ya kila kifuniko jina la mahali linakokwenda limeandikwa kwa chaki, ili lifutike ratiba ikibadilika. Usifikirie lile gari lenye rafu ndani na picha ya twiga ubavuni, la kwenye kalenda za wafadhili. Hapa kuna Land Rover ya kukodi ambayo umri wake dereva hapendi kuulizwa, na barabara ikikataa gari, tranka hufungwa kwa mipira nyuma ya bodaboda, likaendelea na safari.

Mwenye matranka ni mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza na la pili karibu maisha yake yote ya kazi. Milimani kote anaitwa Mwalimu, basi, na mimi sitamwita vinginevyo. Si mtu wa maneno mengi. Nilipomuuliza kwa simu kama ninaweza kufuatana naye, alitaka kujua kitu kimoja tu: "Unaweza kubeba?"

Kutoka Mombo unapandishwa na lami nzuri yenye kona nyingi, joto la mkonge likibaki chini, na kabla hujafika Soni umeshafunga vifungo vya koti. Soni ndipo penye maporomoko ambayo watalii hushuka kuyapiga picha. Mimi nilitazama upande mwingine, ule wa Vuga. Makao ya kale ya watawala wa ukoo wa Kilindi yalikuwa huko, na Walutheri nao walifungua misheni huko huko mwishoni mwa karne ya 19. Misheni ikawa na mtambo wa kuchapa. Ukiokota kitabu cha zamani cha nyimbo au cha dini katika nyumba ya Kikristo mkoani Tanga, kifunue ukurasa wa mwanzo. Huenda ukakuta Vuga Press, na anuani ya Soni. Zamani milima hii ilikuwa ikichapa vitabu vyake yenyewe. Leo shule zilizo mwendo wa nusu siku kutoka hapo zinangoja tranka.

Tukayapakia matranka Lushoto, tukashuka tena Soni; baada ya Bumbuli barabara inaanza kukuonyesha kazi. Udongo ni mwekundu, na ukinywa maji unateleza kama sabuni. Dereva alishuka kuitazama kona moja, akarudi bila kusema kitu, akaipita taratibu, upande mmoja ukuta wa udongo na upande mwingine mashamba ya maharage yaliyolimwa kwenye mteremko ambao mimi ningeogopa kuusimamia. Kisha chai ikatokea, kijani kilichokatwa sawasawa, na akina mama wenye vikapu mgongoni. Mwalimu alikuwa amelala muda wote huo, mkono juu ya tranka.

Shule tuliyoshukia sitaitaja jina, maana ninayotaka kuyasema juu yake yanazihusu shule nyingi. Ni shule ya msingi ya kawaida ya milimani: madarasa ya matofali, bati lenye kutu, uwanja ambao mpira ukitoka unafuatwa bondeni. Watoto walivaa masweta, mengi yakiwa yamefumuka viwiko. Walituona mbali. Tulipofika, wameshajipanga, na ile "Shikamoo Mwalimu" ikapigwa kwa sauti moja iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde.

Kabla ya kitabu, mikono. Mwalimu hakufungua kitu mpaka ndoo ya maji ilipoletwa na kipande cha sabuni. Kila mtoto alinawa, akajifutia kwenye sweta, akageuza viganja akaguliwe. Wawili walirudishwa. Tranka likafunguliwa barazani, juu ya mkeka, na vitabu vikapangwa kwa utepe uliobandikwa ubavuni: mwekundu kwa wanaoanza kuunganisha silabi, njano kwa wanaosoma sentensi, bluu kwa wanaoweza kwenda wenyewe. Mtoto haambiwi rangi yake. Anachagua, anasoma mistari michache mbele ya Mwalimu, na Mwalimu ama anaitikia kwa kichwa ama anamsogezea kitabu kingine bila kumsema.

Nilimfuatilia mvulana mmoja wa darasa la tano. Alichukua kitabu cha bluu, hakutazama jalada wala picha. Alifunua mwisho kabisa, akaangalia namba ya ukurasa. Halafu akawageukia wenzake watatu wakaanza kupiga hesabu kwa Kishambaa, vidole vikihesabiwa. Tranka lingekaa shuleni mwezi mmoja, na wao ni wanne. Kurasa hizo, ukigawa siku hizo, ukitoa siku za soko ambapo wanatumwa na wazazi, zinatosha? Walikubaliana kwamba zinatosha, wakaandika zamu nyuma ya daftari, majina manne na tarehe. Mkubwa wao akajipa zamu ya kwanza, jambo ambalo halikumfurahisha mdogo wao.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo sikulitarajia.

Shule hiyo ina vitabu. Nilikaribishwa ofisini kunywa chai, na nyuma ya meza ya mkuu wa shule lilikuwapo kabati lenye vioo na kufuli. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi, vya Kiswahili, vizuri, baadhi vikiwa bado ndani ya nailoni ya kiwandani. Kabati kama hilo nimeliona Singida, nimeliona Lindi, nimeliona hata Dar es Salaam. Wageni wakiliona husema walimu hawajali, na hapo wanakosea sana. Vitabu vile vimeandikwa kwenye leja. Aliyevipokea alisaini, na akihamishwa atavikabidhi kimoja kimoja. Kikipungua, ataulizwa yeye, si mtoto aliyekwenda nacho nyumbani kikanyeshewa. Kwa mtu aliyesaini, kitabu kilichosomwa na watoto 40 ni hasara inayokuja. Kitabu kilichofungiwa ni hesabu iliyotimia. Hakuna aliyewahi kuandikiwa barua ya kujieleza kwa sababu watoto hawakusoma hadithi.

Tranka halina shida hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, si mali ya shule, na lina tarehe ya kuondoka. Kitu kitakachoondoka tarehe fulani watu hukitumia kabla ya tarehe hiyo. Ndiyo maana wale vijana wanne walipiga hesabu. Pili, mwenyewe anataka vitabu vyake vichakae. Katika daftari lake la kuazimisha, lililopigwa mistari kwa rula, kuna safu ya hali ya kitabu kinaporudi. Niliyasoma maandishi yake: "jalada limelegea", "kurasa 11–12 zina mafuta", "kimeshonwa". Pale palipoandikwa "kama kilivyokwenda" alikuwa amechora duara jekundu. Nilimuuliza duara ni la nini.

"Hicho hakikufunguliwa," alisema. "Nitauliza kwa nini. Labda ni kigumu, labda hakina ladha. Kikirudi hivyo mara ya pili nakitoa kwenye tranka."

Na vinavyopotea? Hupotea, alisema, kila safari, na yeye huvihesabu mapema kama mkulima anavyohesabu sehemu ya ndege. Hamtozi mtu. Alijaribu zamani kutoza, wazazi wakawakataza watoto kuazima.

Wazo la kupeleka vitabu kijijini ndani ya sanduku lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuishia kuchapisha. Ilikuwa pia ikiazimisha, kwa masanduku ya vitabu yaliyopelekwa vijijini na kwa posta kwa msomaji mmoja mmoja. Mwaka 1960 mratibu wake wa maktaba, Sydney Hockey, alipendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ikatunga sheria mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Haikuwa nia kwamba vitabu vikae pale. Bodi ilifungua maktaba za mikoa, ikawa na magari ya kuzungusha vitabu, na ikasaidia maktaba za vijiji zilizofuatana na kisomo cha watu wazima. Halafu uchumi ukabana. Mwisho wa miaka ya 1970 na miaka iliyofuata, lita ya dizeli na springi ya gari vilikuwa vitu vya kuombewa kibali, na maktaba yenye magurudumu ni kitu cha kwanza kusimama magurudumu yakikosa mpira. Majirani zetu Wakenya walilitatua hilo kwa namna yao: mwaka 1996 shirika lao la maktaba lilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia, mnyama asiyehitaji vipuri. Usambara ngamia angekufa kwa baridi na kuteleza. Bodaboda inatosha.

Mchana tulihamia penye maduka, mahali ambapo watu hushuka kutoka mashambani. Hapo tranka la tatu hufunguliwa, la watu wazima. Nilidhani watakuja vijana, na kweli walikuja, wakiuliza vitabu vya sekondari. Waliokaa ni wazee.

Babu mmoja, koti zito na kofia ya sufu, alipokea shikamoo zetu, akaketi kwenye benchi na kusema alichotaka: kitabu cha magonjwa ya migomba. Kilikuwapo. Alikishika kwa mbali, akakisogeza, akakipeleka mbali zaidi. Mwalimu akaingiza mkono kwenye kona ya tranka akatoa miwani ya kusomea, ile ya bei rahisi inayouzwa njiani Tanga mjini, imefungwa uzi na kipande cha ubao kikubwa kama kiganja ili mtu asiisahau mfukoni. Babu akaivaa. Midomo ikaanza kwenda.

Alisoma ngumbaru, aliniambia baadaye. Vijana wa leo neno hilo pengine hawalijui. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, jioni watu wakarudi darasani na vitabu vya kisomo chenye manufaa: pamba kwa wakulima wa pamba, samaki kwa wavuvi, migomba kwa wenye migomba. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Ni kazi ambayo nchi chache duniani zimewahi kuifanya kwa kasi ile. Lakini aliyefundishwa kusoma akiwa na miaka 25 sasa ana macho ya miaka 75, na mpango wa kumpa herufi haukuwa na sura ya miwani. Tangu siku hiyo nawashangaa wanaotengeneza takwimu za kisomo bila kuuliza habari za macho.

Babu alipomaliza ukurasa wa migomba aliuliza, kama mtu asiyetegemea jibu: "Kile cha Mbegha hamna?"

Hakikuwamo. Alichokuwa akikitaka ni Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi na kufanya kazi na watawala wa Kilindi na kuandika kwa Kiswahili yaliyotokea: jinsi Mbegha mwindaji wa nguruwe alivyotoka Nguu, akawagawia Washambaa nyama, na mwisho akawatawala kutoka Vuga. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walikichapa Magila, karibu na Muheza, kwa sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Mwaka 1962 kikatolewa tena Nairobi, na mtoaji ni ile ile East African Literature Bureau ya masanduku. Kwa hiyo kitabu kinachohusu milima hii, kilichoandikwa na kuchapwa mkoa huu huu kwa lugha ambayo kila mtu hapa anaisoma, leo kinapatikana kwa urahisi zaidi katika vyuo vya Ulaya kuliko Bungu. Wachapishaji wetu wanisikie: toleo dogo, la bei nafuu, lenye herufi kubwa, lingesomwa kutoka Mlalo hadi Korogwe. Watoto wangewasomea babu zao.

Kabla hatujaondoka Lushoto, Mwalimu alikuwa amenionyesha sanduku la nne, la karatasi, lisilosafiri. Ni la misaada. Mlikuwa na mwongozo wa programu ya kompyuta iliyokwisha kufa, riwaya za Kiingereza za watu wanaoteleza kwenye theluji, kitabu cha mapishi kinachohitaji oveni, na nakala nyingi za kitabu cha uhasibu cha nchi nyingine. Vyote vilifika kwa meli, ndani ya kontena, vikalipiwa bandarini, vikapandishwa mlima. Simlaumu aliyetoa, maana alitoa alichokuwa nacho. Ila tuwe wakweli: mtoto wa darasa la pili anayezungumza Kishambaa nyumbani na kujifunzia Kiswahili shuleni, Kiingereza cha theluji si lugha yake ya kuonjea kusoma. Utafiti wa Uwezo ulipowapima watoto nchi nzima mwaka 2010, ni takribani watatu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hadithi ya Kiswahili, ya lugha wanayofundishiwa.

Na hadithi zipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umekuwa ukiwasaidia waandishi na wachapishaji wa hapa kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Mkuki na Nyota wapo, E&D Vision wapo. Katika matranka niliiona Safari ya Prospa ya Elieshi Lema, na Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, hii ya pili imeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu. Kinachokosekana ni mnunuzi. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hiyo kuna fungu la vitabu. Lakini hivyo ni vya kiada, vya somo. Vya ziada, vya kusoma kwa kupenda, hubaki kwa hiari ya yeyote atakayejitokeza, na anayejitokeza mara nyingi ni mtu wa kontena.

Jioni ile, tuliporudi shuleni kufunga, yule mdogo wa wale wanne alikuja peke yake barazani. Alimwambia Mwalimu, kwa heshima zote, mikono nyuma, kwamba zamu yake imeangukia siku za mwisho, na akiugua je? Mwalimu alifikiri, kisha akatoa nakala ya pili ya kitabu kile kile kutoka kwenye tranka lililokuwa liende shule nyingine, akaiandika daftarini. Ndiyo sababu, alinieleza garini, anataka nakala tano za kitabu kimoja kuliko vitabu vitano tofauti. Kitabu kinachosomwa na mmoja kinakwisha kimya kimya. Kinachosomwa na watano kinabishaniwa njiani, na ubishi huo huwaleta watano wengine.

Basi, msomaji, ukiguswa, usitafute kontena. Nenda duka la vitabu, nunua hadithi moja ya Kiswahili ya watoto, nakala tano. Ongeza miwani miwili mitatu ya kusomea, namba tofauti. Kama una fedha tu, toa fedha ya dizeli, kwa sababu hakuna anayependa kuichangia na bila hiyo tranka halitoki Lushoto. Watu kama Mwalimu hawakosekani; ulizia kwenye maktaba ya wilaya au kwa mratibu elimu wa kata, watakuelekeza. Na fanya hivyo kabla ya Februari kwisha. Machi masika yanaanza, na kona ile ya baada ya Bumbuli hata bodaboda huikataa.